Mwongozo kamili wa kuchunguza uthibitishaji wa mtumiaji kwenye huduma za simu, kutoka kadi ya SIM hadi seva

Mtu anayeingia kwenye akaunti yake kwa simu huona kisanduku kimoja na kitufe kimoja. Nyuma ya kitufe hicho kuna pande kadhaa zinazotakiwa kutambuana: mtu na simu yake, kadi ya SIM na mtandao, programu na seva, seva na mwenye akaunti. Tafiti nyingi ninazosoma huchukua uhusiano mmoja tu, kwa kawaida ule wa nenosiri, zikauchambua kwa kurasa na kurasa, ilhali akaunti huvunjwa kupitia uhusiano ambao mtafiti hakuuchora hata kwa mstari mmoja.

Nimewaandikia wanafunzi wa shahada, wahandisi wa mitandao na watunzi wa programu wanaotaka kulichunguza jambo hili kwa utaratibu. Swali langu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: nani anajithibitisha kwa nani, na jina la yule wa upande wa pili limo ndani ya ujumbe au halimo? Likae kando ya karatasi yako muda wote wa kazi.

Hatua ya 1: Punguza swali

"Je, huduma za simu ni salama?" si swali la utafiti. Halina mwisho, na jibu lolote litakuwa sahihi kwa namna fulani. Lipunguze mpaka liweze kujibiwa kwa ndiyo au hapana, au kwa kipimo. Mfano: "Je, namba ya mara moja inayotumwa kwa meseji humlinda mtumiaji aliyeiandika kwenye ukurasa bandia, ikiwa mshambuliaji anaitumia papo hapo?" Hapo una mtumiaji, una mshambuliaji, una njia, na unajua ujenge nini maabara. Ukishindwa kumtaja mshambuliaji wako na uwezo wake kwa sentensi mbili, swali bado ni pana.

Hatua ya 2: Fuata ujumbe mmoja tangu unapozaliwa hadi unapofutwa

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Chukua karatasi kubwa, chagua ujumbe mmoja tu, uufuate. Tuseme ni namba ya mara moja ya tarakimu 6. Seva inaitengeneza na kuihifadhi. Inaikabidhi kwa kampuni ya kati inayosambaza meseji kwa niaba ya wengine. Kampuni hiyo inaipeleka kwenye kituo cha meseji cha kampuni ya simu. Kituo kinaiuliza hifadhidata ya wateja: mwenye namba hii yuko eneo gani sasa hivi? Kisha ujumbe unakwenda kwenye mitambo ya eneo hilo, unafika mnarani, unaruka hewani hadi kwenye simu, na mwisho unatokea juu ya skrini, mara nyingi skrini ikiwa bado imefungwa, ambapo yeyote aliye karibu anaweza kuusoma.

Kwa kila kipande cha njia hiyo jibu maswali matatu: nani anaweza kuusoma, nani anaweza kuubadilisha, na nani anaweza kuuelekeza kwingine. La tatu ndilo husahaulika zaidi, na ndilo limeumiza watu. Kampuni za simu huongea zenyewe kwa zenyewe kwa mfumo uitwao SS7, ambao ulibuniwa katika miaka ya 1970 na 1980 wakati waliounganishwa walikuwa wachache na waliaminiana. Aliyeingia ndani ya mfumo huo huaminiwa. Anaweza kuiambia hifadhidata ya wateja kwamba mteja fulani sasa yuko kwangu, na meseji za mteja huyo zikaanza kumfikia yeye. Desemba 2014, kwenye mkutano wa Chaos Communication Congress mjini Hamburg, watafiti Tobias Engel na Karsten Nohl walionyesha udhaifu huu hadharani. Mwaka 2017 ilithibitishwa nchini Ujerumani kwamba wahalifu walikuwa wameutumia kuelekeza kwao namba za kuidhinisha miamala na kutoa fedha kwenye akaunti za watu.

Angalia kwamba katika tukio hilo hakuna usimbaji (kufunga ujumbe kwa ufunguo wa siri) uliovunjwa, na wala simu ya mteja haikuguswa. Ujumbe ulipewa tu njia nyingine. Mtu ambaye hakuchora njia hawezi kuliona shambulio hilo, hata awe na ujuzi mkubwa wa hisabati.

Hatua ya 3: Kagua kile mtandao wenyewe unachothibitisha

Kabla ya programu yoyote kufunguka, kadi ya SIM imeshajithibitisha kwa mtandao. Jifunze utaratibu huo kizazi kwa kizazi, maana simu nyingi bado zinaweza kurudi kwenye kizazi cha nyuma.

Mtandao wa GSM, yaani kizazi cha pili (2G), ulianza kutoa huduma mwaka 1991. Ndani ya SIM mna ufunguo wa biti 128, na nakala yake iko kwenye kituo cha uthibitishaji cha kampuni ya simu. Hautakiwi kuwa mahali pengine. Mtandao hutuma namba nasibu, yaani isiyoweza kubashiriwa, ya biti 128, SIM inaichanganya na ufunguo wake na kurudisha jibu la biti 32, na mtandao unalinganisha. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani, na huo ni ubunifu mzuri. Kasoro ni kwamba uthibitishaji unakwenda upande mmoja. Simu inajieleza kwa mnara, mnara haujielezi kwa simu. Ndiyo maana mtu mwenye mnara bandia anaweza kuzivuta simu za GSM na kuziomba utambulisho wao wa kudumu, nazo zikautoa bila kusita.

Kizazi cha 3G kilirekebisha hapo: mtandao sasa hutuma pia uthibitisho wake, pamoja na namba ya mfuatano inayoizuia SIM kukubali ujumbe wa zamani uliorudiwa. Katika 4G, utambulisho wa mtandao unaomhudumia mteja uliingizwa kwenye ukokotoaji wa ufunguo. Katika 5G, ambayo toleo lake la kwanza la viwango lilikamilika mwaka 2018, jina la mtandao huo linaingia ndani ya jibu lenyewe ambalo simu inarudisha, na utambulisho wa kudumu wa mteja husimbwa kwa ufunguo wa umma wa kampuni yake (ufunguo ambao yeyote anaweza kuutumia kufunga, ila kampuni peke yake ndiyo inayoweza kufungua) kabla ya kutoka kwenye simu.

Unaona mwelekeo? Kutoka kizazi hadi kizazi, majina yanaingia ndani ya ujumbe. Hata hivyo usiandike kwamba "5G inaficha utambulisho" ukaishia hapo. Viwango vinaruhusu pia kile kiitwacho mpango tupu, ambao hausimbi chochote, na kampuni ndiyo inayochagua. Kama mtandao unaouchunguza umeruhusu upimwe, angalia unatumia upi.

Hatua ya 4: Jifunze kosa la mwaka 1978

Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki za uthibitishaji, yaani taratibu za kubadilishana ujumbe ili kutambuana, mojawapo ikitumia ufunguo wa umma. Ukiacha hatua za kupata funguo za umma, ina ujumbe tatu tu. Asha anamtumia Bakari namba nasibu yake pamoja na jina lake, vyote vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa umma wa Bakari. Bakari anarudisha namba ya Asha pamoja na namba nasibu yake mwenyewe, vimefungwa kwa ufunguo wa Asha. Asha anarudisha namba ya Bakari, imefungwa kwa ufunguo wa Bakari. Kila mmoja ameonyesha kwamba anaweza kufungua kilichofungwa kwa ajili yake. Wengi waliisoma, wakaifundisha, wakaridhika.

Mwaka 1995 Gavin Lowe alionyesha tundu lake. Tuseme Asha anaanza mazungumzo halali na Mussa, ambaye ni mtu mbaya. Mussa anafungua ujumbe wa Asha, anaufunga upya kwa ufunguo wa Bakari, anampelekea Bakari akijifanya Asha. Bakari anajibu kwa kufunga namba zote mbili kwa ufunguo wa Asha. Mussa hawezi kuufungua ujumbe huo, na hana haja: anaupitisha kwa Asha kama ulivyo. Asha, akidhani umetoka kwa Mussa, anaufungua na kumrudishia Mussa namba ya Bakari. Sasa Mussa anayo namba iliyobaki. Anamalizia, na Bakari anaamini anaongea na Asha.

Dawa ni neno moja. Katika ujumbe wa pili, Bakari aongeze jina lake. Asha akiona "Bakari" ndani ya ujumbe alioutarajia kutoka kwa Mussa, anasimama.

Fanya zoezi hili kwa kalamu, bila kompyuta. Miaka 17 ilipita kati ya itifaki na tundu lake, na itifaki yenyewe inajaa kwenye kadi ndogo. Ukishaielewa utaitambua sura yake popote utakapokutana nayo, na utakutana nayo katika hatua ya 6.

Hatua ya 5: Fungua namba ya mara moja uone ndani

Namba zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye programu ya uthibitishaji huitwa TOTP, na zimeelezwa kwenye waraka wa viwango RFC 6238 wa mwaka 2011. Zitengeneze mwenyewe, mistari kumi ya programu inatosha. Chukua idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ugawe kwa 30, uache salio. Matokeo yake yachanganye na siri ambayo simu na seva wanashiriki, kwa HMAC yenye SHA-1 (hesabu inayochanganya ujumbe na siri kuwa alama fupi isiyoweza kurudishwa nyuma). Utapata baiti 20. Angalia biti nne za mwisho za baiti ya mwisho: zinakupa namba kati ya 0 na 15, yaani mahali pa kuanzia. Kuanzia hapo chukua baiti nne, futa biti ya kwanza, gawa kwa 1,000,000, na salio ndilo tarakimu 6 unazoziona.

Sasa tafuta jina. Ndani ya hesabu hiyo mna siri na mna muda. Jina la tovuti halimo. Namba iliyotoka ni ileile, uiandike kwenye tovuti halisi au kwenye ukurasa bandia. Mshambuliaji anayesimama katikati huipokea na kuipitisha ndani ya sekunde zilizobaki, kama Mussa alivyopitisha ujumbe wa Bakari. Namba ya meseji ina udhaifu huohuo, na juu yake inabeba udhaifu wa njia ya hatua ya 2. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliziweka namba zinazotumwa kupitia mtandao wa simu kwenye kundi la njia zinazotumika kwa masharti, na nadhani ilikuwa sahihi. Lakini kwenye ripoti yako usiziweke TOTP na meseji kwenye kapu moja: moja ina kosa la jina peke yake, nyingine ina kosa la jina na la njia.

Hatua ya 6: Linganisha na ufunguo unaolijua jina la tovuti

WebAuthn, njia ya kuingia kwenye tovuti kwa jozi ya funguo badala ya nenosiri, ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuwa kiwango rasmi Machi 2019. Mtumiaji anapojisajili, simu yake hutengeneza jozi ya funguo kwa ajili ya tovuti hiyo tu. Ufunguo wa umma unakwenda kwenye seva, ule wa siri haupelekwi huko kamwe. Wakati wa kuingia, seva inatuma namba nasibu, na simu inaisaini pamoja na jina la tovuti kama kivinjari kinavyoliona. Hilo ndilo neno ambalo Lowe aliliongeza. Ukurasa bandia ukijaribu kupitisha ombi, kwanza simu haitapata ufunguo uliosajiliwa kwa jina hilo bandia. Na hata saini ingetoka, ingebeba jina lisilo sahihi na seva ingeikataa.

Hapa watu huchanganya alama ya kidole na uthibitishaji wenyewe. Kidole hufungua ufunguo ndani ya simu, basi. Seva haioni kidole, inaona saini. Kwenye utafiti tenganisha mambo hayo mawili, la sivyo utapima ubora wa kisoma kidole ukidhani umepima itifaki.

Kwa programu za simu zinazoingia kupitia akaunti ya huduma nyingine, soma RFC 8252 ya mwaka 2017. Inataka programu ifungue kivinjari halisi cha simu badala ya dirisha la ndani linaloweza kusoma kila herufi ya nenosiri, na itumie PKCE, njia inayoufunga msimbo wa kuidhinisha kuingia na programu iliyouomba, ili msimbo huo ukinaswa njiani usiwe na thamani kwa aliyeunasa. Ukikuta programu inayokiuka hilo, umeshapata sura moja ya ripoti.

Hatua ya 7: Hesabu majaribio, kisha ivunje seva yako mwenyewe

Tarakimu 6 ni uwezekano 1,000,000, na wengi huona inatosha. Piga hesabu. Kama seva haina kikomo cha majaribio, na mshambuliaji anajaribu mara 100 kwa sekunde kwa dakika 5, amejaribu namba 30,000. Hiyo ni asilimia 3. Akiomba namba mpya na kurudia, baada ya duru 24, yaani saa 2, uwezekano wa kufanikiwa umepita asilimia 50. Kikomo cha majaribio 5 kwa kila namba kinaushusha uwezekano huo hadi 1 kati ya 200,000 kwa duru. Basi urefu wa namba peke yake hausemi kitu mpaka uandike na kikomo chake, pamoja na kikomo cha kuomba namba mpya.

Nilipojenga seva yangu ya kwanza ya majaribio niliweka kikomo hicho, nikaridhika. Kisha nikafungua madirisha mawili ya amri na kutuma namba ileile sahihi kwa wakati mmoja. Zote mbili zikakubaliwa, kila moja na tokeni yake, yaani kibali cha kuingia. Seva ilikuwa inasoma namba, inalinganisha, halafu ndiyo inaandika kwamba imetumika. Kati ya kusoma na kuandika palikuwa na upenyo wa milisekunde chache, na ombi la pili likapita humo. Niliziba kwa amri moja ya hifadhidata: weka "imetumika" iwapo bado haijatumika, kisha angalia kama safu moja imebadilika. Kama ni sifuri, kataa. Weka jaribio hili kwenye orodha yako na ulirudie mara mia kadhaa, kwa sababu kosa la aina hii halitokei kila mara.

Hatua ya 8: Iambie mashine ithibitishe

Ukiwa na itifaki yako mwenyewe, macho ya binadamu hayatoshi. Mfano wa mwaka 1978 ni ushahidi. Tumia Tamarin au ProVerif, programu zinazokagua itifaki kihisabati. Zana hizi humchukulia mshambuliaji kwa mfano wa Dolev na Yao wa mwaka 1983: anasikia kila kitu, anaweza kuzuia, kubadilisha na kutunga ujumbe, ila hawezi kufungua kilichosimbwa bila ufunguo. Tamarin ilitumika kuchambua uthibitishaji wa 5G, matokeo yakachapishwa mwaka 2018, na yalionyesha kwamba baadhi ya sifa zilizotarajiwa hazipatikani bila masharti ambayo maandishi ya viwango hayakuyaweka wazi.

Anza kwa kuandika itifaki ya Needham na Schroeder na uhakikishe zana inaliona shambulio la Lowe. Ikishindwa kuliona, mfano wako una kosa, na afadhali ulijue sasa. Mara nyingi kosa huwa kwenye sifa uliyoomba ithibitishwe: umeuliza kama siri inabaki siri, hukuuliza kama Bakari na Asha wanakubaliana juu ya majina.

Hatua ya 9: Maabara ya redio, kwa uangalifu

Masafa ya simu yana wenyewe kisheria. Usirushe mawimbi hewani bila kibali, hata kwa dakika moja, maana unaweza kumkatia mtu simu ya dharura. Unganisha vifaa kwa nyaya na vipunguza nguvu, au vifungie ndani ya kisanduku kinachozuia mawimbi. Tumia srsRAN kwa upande wa mnara, Open5GS kwa kiini cha mtandao, na kadi za SIM za majaribio ambazo ufunguo wake unaujua. Utambulisho wa mtandao uwe 001 na 01, uliotengwa kwa majaribio. Rekodi mazungumzo kwa Wireshark (programu ya kunasa na kuonyesha ujumbe wa mtandao), ukaone kwa macho yako ujumbe wa hatua ya 3 ukipita. Simu na akaunti zote ziwe zako, au za watu waliokubali kwa maandishi.

Unapopima muda wa kuingia, usitoe wastani peke yake. Toa muda wa kati (ulio katikati majaribio yakipangwa kwa ukubwa), na ule ambao asilimia 95 ya majaribio hayakuuvuka. Mtumiaji mwenye mtandao dhaifu yuko kwenye mkia huo, na ndiye anayekata tamaa na kurudi kwenye njia isiyo salama.

Hatua ya 10: Ingia kupitia mlango wa "nimesahau"

Acha mlango mkuu, jaribu kurejesha akaunti ukijifanya umepoteza kila kitu. Je, ufunguo madhubuti wa hatua ya 6 unaweza kufutwa kwa meseji moja? Je, mtu akipewa laini mpya yenye namba yako, anapata akaunti yako nzima? Laini kuhamishiwa kadi nyingine kwa udanganyifu hakuhitaji utaalamu wa redio; kunahitaji mfanyakazi mmoja aliyeshawishika. Chora njia hii kwa makini yaleyale ya hatua ya 2, na kiwango cha usalama utakachoandika kwenye ripoti kiwe cha mlango huu kama ndio dhaifu zaidi.

Ukigundua tundu kwenye huduma inayotumiwa na watu, wape wenye huduma taarifa kabla ya kuchapisha. Siku 90 ni muda unaotumiwa na wengi. Andika hatua za kulirudia tundu kwa namna ambayo mhandisi wao anaweza kuzifuata peke yake asubuhi moja, bila kukupigia simu, na uondoe kila namba ya simu na kila tokeni kwenye picha ulizoambatisha.